Zile R Nene

Mercy wa ofisi ya shule hapa Mbale ndiye aliyenisukuma. Alisema wao wanaoanza kazi sasa wanabonyeza kitufe na karatasi inatoka safi, hawajui sisi tulitoka wapi, kwa hiyo niandike kabla sijarudi kwetu Budondo na kuanza kusahau. Nilimwambia shule yangu iliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne haandiki, anaandikiwa. Akasema, "Jajja," yaani bibi, ndivyo wanavyoniita hapa, "wewe unakumbuka majina ya watoto wote. Andika majina tu, mengine yatafuata." Basi nimeandika majina, na mengine yamefuata, hata lile ambalo ningependa libaki nyuma.

Kiswahili sikukipata darasani. Mume wangu Isabirye alikuwa askari wa magereza Jinja, na kwenye nyumba za askari Kiswahili kilikuwa kama maji ya bomba, kila mtu anachota na hakuna anayeuliza ni ya nani. Nyumbani Budondo walikiogopa, walikiita lugha ya askari ya kuvunjia milango. Mimi nilikitumia kununua nyanya kwa mke wa Mwacholi na kugombana na mke wa Mteso juu ya kamba ya nguo. Isabirye alipofariki, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, ilibidi nitoke kwenye nyumba ya serikali, na shule moja ya upande wa Kimaka ikanichukua nifagie. Walisoma pale watoto wa wanajeshi, wa polisi, wa magereza, na wa Wakenya wa malori. Ndiyo maana Kiswahili kilifundishwa mpaka fasihi, jambo ambalo shule nyingi za Busoga zingeona ni kuharibu chaki.

Nilifagia wiki tatu. Siku yangu ya kwanza ya kazi, ninayoihesabu mimi, ni ile niliyoingia kufagia chumba cha mashine nikamkuta Mzee Okiror anazungusha mashine ya kurudufu na karatasi zinaruka sakafuni kama kuku waliofunguliwa. Niliweka fagio chini nikazidaka, nikazinyoosha, nikazipanga. Hakusema asante. Alinitazama mikono.

"Wewe mkono yako hapana tetemeka," alisema. "Kesho usikuje na fagio."

Mashine yenyewe ilikuwa pipa la chuma lenye mkono wa kuzungushia. Stensili, ile karatasi laini ya nta, ilichapwa kwanza kwenye taipureta bila utepe ili herufi zitoboe, kisha ikavishwa kwenye pipa, na wino ukapita kwenye matundu. Mto mzima ulikuwa unazungusha mitambo pale Jinja kutengeneza umeme wa nchi, na mimi hatua chache kutoka hapo nazungusha kwa bega. Mkizungusha kwa hasira inatoka nyeusi. Mkizungusha kwa uvivu inatoka kama moshi. Na karatasi zipepeteni kwanza, hata hizo za kompyuta yenu. Karatasi haipendi kushikana na mwenzake, lakini ukiiacha itashikana tu, kama watu.

Mzee Okiror alinifundisha kutaipu kwa vidole viwili, baadaye vinne. Alinifundisha dawa nyekundu, ile ya chupa ndogo inayonuka kama rangi ya kucha: ukikosea herufi unapaka kidogo, unapuliza mpaka ikauke, unachapa juu yake. Herufi iliyochapwa juu ya dawa hutoka nene kuliko wenzake. Mtu wa kawaida haioni. Mtu wa mashine anaiona kutoka mlangoni. Alinifundisha pia kwamba mtihani ukishachapwa, stensili yake inachomwa muhula ukiisha, na kilichosomwa chumbani kinafia chumbani.

Na kulikuwa na ugonjwa wangu. Sisi Wasoga r na l kwetu ni mtoto mmoja mwenye nguo mbili. Sikio langu halizitofautishi na ulimi haukubali kufundishwa. Nilichapa "kurara" badala ya kulala, "balua" badala ya barua, na naibu mkuu wa shule alizisoma mbele ya walimu wakati wa chai. Mzee Okiror hakucheka. Aliniletea daftari akasema niandike humo kila neno lenye r, niliweke kichwani kwa macho, si kwa sikio. "Na kila ukiona l kwa kazi yako," alisema, "shuku yeye kwanza. Wewe Msoga, l yako ni mwizi." Daftari lile lilijaa, nikaanza la pili. Alipostaafu akaenda kwao Kumi, nilikuwa sikosei tena, na walimu walikuwa wananiletea kazi zao nizikague. Hapo ndipo kiburi kilipoingia. Kiburi cha mtu wa darasa la nne ni kibaya, kwa sababu hakina mahali pengine pa kukaa.

Mwalimu wa fasihi alikuwa Mwalimu Barasa, Mkenya kutoka Bungoma, mrefu, mwenye koti moja. Darasa lake la Sinia ya Nne, yaani kidato cha nne, lilitenganishwa na chumba changu kwa mbao tu. Alikuwa na riwaya moja kongwe ambayo jalada lilishanyofoka pamoja na kurasa za mwanzo, watoto wakaiita Kitabu Bila Ngozi. Nakala zilikuwa nne kwa watoto arobaini, kwa hiyo aliwasomea kwa sauti, nami nikasomewa bure. Ilikuwa habari ya Bwana Kura, mtu aliyechaguliwa kuongoza mji mdogo. Alikuwepo mshonaji Mzee Pima, ambaye kila sura anaitwa kulipanua koti la Bwana Kura. Alikuwepo karani Ndiyo, mpishi Tabu, na Bi Zawadi wa sokoni mwenye mdomo. Mwandishi hakumsema vibaya Bwana Kura hata mara moja. Alimsifu tu. Alisema ni mtu mpole, hajapata kumwambia mtu hapana, wala sahani.

Kazi ngumu ya Mwalimu Barasa ilikuwa hiyo. Watoto walisoma sifa wakaamini sifa. Mtoto mmoja, Waiswa Patrick, aliandika katika jaribio kwamba Bwana Kura ni kiongozi bora wa kuigwa kwa sababu mwandishi mwenyewe amethibitisha. Mwalimu alisoma hilo, kisha akawaambia, "Mwandishi akimsifu mtu mpaka wewe msomaji ukaona haya, ujue anamchapa. Hiyo ndiyo kejeli. Fimbo haionekani, lakini mtu anavimba."

Kila Ijumaa aliwajaribu. Alisema jambo moja, wao wataje mhusika. Nani aliyepima tumbo akaandika kifua? Mimi upande wa pili wa mbao nilishajibu moyoni: Mzee Pima. Nani aliyeitikia kabla ya kuulizwa? Karani Ndiyo. Siku moja nilijibu kwa sauti bila kujua, darasa zima likaanguka kwa kicheko, na tangu hapo wakaniita Mama Mashine, na Mwalimu Barasa akawa anagonga mbao wakikwama: "Mama, tusaidie." Nilijua wahusika wote, hata mbuzi wa Bi Zawadi.

Kulikuwa na sura ya soko ambayo kila mwaka akiisoma darasa lilipiga meza kwa kucheka. Watu wa soko wanampokea Bwana Kura kwa kuimba jina lake. Mimi pia nilicheka kila mwaka. Nilidhani kinachochekesha ni yeye kupunga mkono.

Aliyekuwa akiniletea kazi za darasa ni Akello Grace. Kwa baba alikuwa Mlango, mtu wa kabila la Lango; baba huyo alikuwa askari wa magereza mwenzake Isabirye, naye marehemu. Mama yake alikuwa anaanika mukene, wale samaki wadogo, huko Masese. Grace alikuwa mwembamba, mcheshi, na aliwajua wale wahusika kama majirani zake. Akimwona naibu mkuu amevaa koti jipya alinong'ona dirishani, "Mama Mashine, Mzee Pima ameshapita hapa." Nilikuwa nasimamisha mashine ili nicheke.

Mwaka ule shule yetu na shule moja ya Mbale zilikubaliana kufanya mtihani mmoja wa fasihi. Mtoto wa kwanza kutoka Jinja angepewa nafasi Mbale kuendelea na Sinia ya Tano, kula na kulala juu ya shule. Nafasi ilikuwa moja. Wengine wangeweza kuikosa wakaenda pengine. Grace hakuwa na pengine. Mama yake alishamwambia wazi kwamba bila nafasi hiyo, Januari inamkuta Masese kwenye samaki. Yeye mwenyewe aliniambia hivyo akiwa anahesabu karatasi, kisha akasema, "Lakini kitabu nakijua, Mama. Waniulize hata mbuzi."

Mwalimu Barasa alitunga maswali, nikachapa, akayakagua, yakafungwa. Ukabaki mwongozo wa kusahihisha, ule utakaopelekwa Mbale kwa watakaotoa alama. Aliuandika kwa mkono asubuhi, akaniletea, na kabla ya saa sita ikaja habari kwamba kaka yake amefariki Bungoma. Akaondoka vilevile na koti lake. Aliniachia neno moja tu: bahasha iondoke kesho.

Nilichapa. Swali la nne lilikuwa la kueleza jinsi mwandishi anavyotumia jina la mkubwa wa mji kumkejeli. Nilipomaliza nikaitazama stensili kama nilivyofundishwa, nikaona jina la Bwana Kura limekaa vibaya. Juu niliandika Kura. Lakini kwenye swali la nne, kila mahali, ilikuwa Kula. Watu wa soko wanamwita Kula, mtahiniwa ataje Kula, atakayelikosea jina hilo asipewe alama za swali hili kwa kuwa kejeli yote imo humo. Sikurudi kutazama mwandiko wa Mwalimu. Ulikuwa pale, chini ya kiwiko changu. Nilijisemea ni ile l yangu, mwizi amerudi. Nilishukuru Mungu nimemkamata kabla hajafika Mbale. Nilichukua dawa nyekundu, nikapaka l zote tisa, nikapuliza moja moja, nikachapa r juu yake. Nilifurahi. Nataka mlijue hilo. Sikuwahi kujisikia mtaalamu kama mchana ule.

Kule Mbale kazi ya kusahihisha ilimwangukia Mwalimu Wandeba, mwalimu wa historia, kwa sababu alikuwa jeshini zamani na ndiye aliyekuwa na Kiswahili. Watoto walimwita Afande. Riwaya hakuisoma. Alisoma mwongozo, na mwongozo aliufuata kama amri.

Matokeo yalipofika, nafasi alipewa Waiswa Patrick. Grace alikuwa wa pili. Mwalimu Barasa hakuamini, akaomba karatasi ya Grace irudishwe, nayo ikaja. Grace aliniletea mwenyewe chumbani. Hakuwa analia. Aliiweka juu ya pipa la mashine, swali la nne, kurasa mbili na nusu zilizojaa, na pembeni wino mwekundu: Hajui tofauti ya r na l. Sifuri.

"Mama, mimi si Msoga," alisema. "Usinichukie. Lakini r na l ninazo tangu nizaliwe."

Nilimwambia pengine kweli amekosea, maana jina ni Kura. Alinitazama kama anayetaka kujua kama natania. Kisha akafungua Kitabu Bila Ngozi kwenye sura ya soko, akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea polepole, akinionyesha ulimi wake unapokaa. Kwamba jina lake ni Kura, lakini watu wa soko wanaimba Kula, na yeye anapunga mkono akidhani anasifiwa. "Ku-ra," akasema. "Ku-la. Umeona? Kitabu kizima kimekaa juu ya herufi moja."

Niliona kwa macho. Masikio yangu hadi leo hayajasikia. Miaka mitatu nilicheka na darasa kitu nisichokijua. Nilijua majina yote ya kitabu kile, ila hilo moja lilikuwa mawili.

Pale ningeweza kusema. Grace alikuwa amesimama, stensili ilikuwa kwenye droo, mwandiko wa Mwalimu ulikuwa kwenye droo, na Mbale walikuwa hawajafungua muhula wa Januari. Nilichosema ni hiki: "Pole mwanangu. Wakubwa wa Mbale wanajua wanachofanya." Alichukua karatasi yake akatoka. Nikafunga mlango, nikachukua stensili na ule mwandiko wa mkono, nikavichoma nyuma ya jiko. Kanuni inasema zichomwe muhula ukiisha. Muhula ulikuwa umebaki siku sita.

Kesho yake Mwalimu Barasa alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia, akaniuliza kama ule mwongozo alioniandikia bado upo.

"Nimechoma, Mwalimu. Kama kanuni."

Aliitikia kwa kichwa. Alisema anakumbuka aliandika Kula, lakini siku ile alikuwa na maiti kichwani, labda mkono uliteleza. Mbale wanasema wamefuata kilichoandikwa. "Basi ni mimi," alisema. Mimi nikaendelea kupepeta karatasi ambazo nilishazipepeta. Alikwenda akaandika barua Mbale kwamba kosa ni lake, wakamjibu nafasi imeshajazwa. Akasimama mbele ya darasa akamwomba Grace msamaha. Niliusikia kwa mbao zile zile. Sauti yake niliielewa yote, haikuwa na herufi ngumu. Mwaka ulipoisha alirudi Kenya, na wapo waliosema afadhali, mwalimu gani huyo asiyejua kuandika jina la mhusika wake.

Kuhusu vyeo sitaandika, isipokuwa hili kwa sababu ni aibu. Mwaka uliofuata shule ile ile ya Mbale ilihitaji mtu wa mashine, na naibu mkuu wetu akanisifia kwamba sikosei. Nafasi ya Mbale niliipata mimi.

Mwalimu Wandeba nilimkuta hapa, mtu mwema, mwenye kucheka. Siku moja wakati wa chai alinieleza mwenyewe kwa nini ana ukali na r na l. Yeye ni Mgisu, ugonjwa wetu ni mmoja, na jeshini sajenti alimzungusha uwanja na gunia la mchanga kwa kusema "lipoti". Tangu hapo hamsamehe mtu. Nilimwongezea chai. Tulikuwa watu wawili tusiosikia herufi, tumemhukumu msichana anayeisikia. Mwandishi wa Kitabu Bila Ngozi angetusifu sana.

Na kwenye kabati la mitihani nilikuta nakala ya mwongozo. Niliitambua kutoka mlangoni. Swali la nne, r tisa, nene, kila moja imevimba. Niliitoa nikaikunja ndani ya mshipi wa gomesi, lile vazi letu refu la kufunga kiunoni.

Likizo ya mwaka wa pili nilikwenda nayo Masese. Nilikuwa nimejiapiza. Nilimkuta Grace kati ya wanawake kama kumi wanageuza mukene juani, na nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anawasimulia Bwana Kura. Wasamia, Waganda, Walango, wote wanamjua Mzee Pima, wote wanaimba kama watu wa soko. Aliponiona aliruka samaki akaja kunikumbatia na mikono ikiwa juu asinichafue. Wakanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mmoja, Mama Ajambo, alipojua mimi ni Msoga, akanitaka nami nitaje jina la mkubwa na jina la sokoni. Nikataja. Yakatoka sawasawa yote mawili, wakacheka mpaka wakashikana.

"Mwacheni mama yangu," Grace alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa anachapa mitihani yetu. Hajapata kukosea hata siku moja."

Karatasi ilikuwa inanichoma tumboni. Nilicheka na wenzangu, kama nilivyozoea. Nikala, nikapewa mukene wa kwenda nao, nikarudi Mbale na r zangu tisa.

Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Vijana, mengine niliyowaandikia humu yafuateni: pepeteni karatasi, kagueni majina kwa macho. Na mkiona kosa katika kazi ya mtu, muulizeni mwenye kazi kabla ya kulirekebisha. Grace ana miaka ishirini na minne, si mzee, na darasani anakaa hata mwenye watoto. Mkuu wa shule akisoma haya atajua la kufanya juu ya nafasi ile. Kama yupo anayetoka Bungoma na kumjua Mwalimu Barasa, amwambie mkono wake haukuteleza.

Mercy, karatasi niliyoibana nyuma ya daftari hili ndiyo ile. Ukimaliza kuchapa, nakala ya kwanza isiende ofisini. Mpelekee Akello Grace, Masese, uliza kwa wanaoanika mukene, aisome kabla ya wote. Najua utaona makosa yangu mengi humu, na mkono utakuwasha. Yasahihishe yote. Lakini pale nilipoandika Kula, mwanangu, acha Kula.